Kidudu Ukingoni mwa Sahani

Kwa nini mchoraji aliyejaza maua katikati ya sahani aliweka kidudu kimoja cha kahawia ukingoni, peke yake? Swali hilo lilinisumbua huko Riyadh, nilikofanya kazi za ndani, kila nilipoosha vyombo vya kale vya madam, kauri ya Kiingereza ya zaidi ya miaka mia mbili. Niliosha kimoja kimoja kwenye beseni lililotandikwa taulo visigongane, mgongo ukiniuma.

Alhamisi moja mama yake madam alikuja kutoka Jeddah, akajipa kazi ya kukagua vyombo. Macho yake yalikuwa yamefifia. Akakikwaruza kile kidudu kwa ukucha.

"Uchafu huu. Osha tena."

"Mama, kimechorwa."

"Halas, maneno mengi! Kisipotoka, kesho hakuna simu."

Simu ya Ijumaa ndiyo nafasi pekee niliyopewa ya kuongea na binti yangu. Nikaosha tena, nikijua ninasugua rangi. Akaikataa sahani tena.

Madam alipoingia, alicheka. "Mama, hata mimi nilikisugua siku niliyoinunua. Simu yake atapata."

Nikamuuliza kwa nini kilichorwa pale.

"Ulikuja kazi au mtihani? Digrii yako iache Nairobi. Yalla, panguza!"

Nilikuwa nimerudi nyumbani kitambo niliposoma kwamba wachoraji wa viwanda vile mara nyingi walichora wadudu mahali ambapo sahani ilitoka tanurini na doa, ili kulificha.