Bwawa Langu na Vyura wa Bondeni

Nilipohamishiwa Mkumbi kufundisha, kilichonikera kwanza hakikuwa baridi bali vyura. Mimi ni mtu wa Singida, nimezaliwa kwenye ukame, na nyumba niliyopanga ilikuwa juu kidogo ya kijito. Mvua zikianza, walilia hadi alfajiri. Nilimlalamikia mama mwenye nyumba, akanicheka, akasema nitazoea.

Sikuzoea. Kwa ruhusa yake nilichimba bwawa la samaki pembeni mwa kijito, nikashuka ziwani, Kihagara, kufuata vifaranga vya perege. Nilivipandisha mlimani kwenye ndoo ya maji ya huko huko, pamoja na magugu na viluwiluwi kadhaa vya vyura niliowaona nikawaacha, nikijiambia samaki watawameza. Bwawa lilipofurika, maji yaliingia kijitoni. Nilijiona mjanja kweli, mwalimu mwenye kitoweo chake.

Msimu wa pili wa mvua tangu nichimbe bwawa nilianza kukuta vyura wamekufa kwenye tope, miguu imenyooka, ngozi inabanduka. Niliwaruka nikaenda zangu shuleni. Kisha bonde likanyamaza, na ninaona aibu kuandika hivi: nililala usingizi mtamu, nikamshukuru Mungu.

Bwana samaki, ofisa uvuvi anayetuzungukia, alipokuja kukagua bwawa ndiye aliyeuliza mbona kimya. Nikamweleza kwa furaha. Yeye hakufurahi. Alisema kuna kuvu linaloshambulia ngozi ya chura, na chura hunywa na kupumua kwa ngozi hiyo hiyo, kwa hiyo ikiharibika, mwishowe moyo husimama. Linasafiri na maji, na tope la viatu, na nyavu na ndoo zisizokaushwa. Bila kupima hakuweza kusema kama ndilo lililowaua, wala kama ni mimi niliyelileta. Hilo neno la "bila kupima" nililishikilia wiki nzima, sikumwambia mtu.

Ndipo mama mwenye nyumba akaja na ndoo tupu. Kaka yake alikuwa amechimba bwawa kule juu kwenye chemchemi, mahali pekee ambapo vyura walikuwa bado wanalia. Alitaka vifaranga. Ningeweza kumwambia samaki hawajazaa, na uongo huo ulikuwa mdomoni tayari.

"Mama, nadhani maji yangu ndiyo yaliyoua vyura wa hapa," nikasema. "Yakifika kule juu, na wale watakwisha."

Akaiweka ndoo chini. "Mbona hukusema mapema, mwalimu? Kaka alishachota Jumapili, ulipokuwa kanisani. Mimi nimefuata vya kuongezea."

Jumapili nilikuwa najua tayari.

Tulipanda pamoja jioni ile ile, mimi nikiwa peku, viatu nimeviacha nyumbani. Nilikusudia kumsihi kaka yake akaushe bwawa, lakini tulimkuta ameshafungua mfereji wa kupunguza maji ya bwawa, nayo yanateremka kwenye majani ya chemchemi. Vyura walikuwa wanalia kwa nguvu pande zote. Mama akashusha pumzi, akanishika mkono.

"Unawasikia? Wazima kabisa."

Nikamwambia hata wa kwetu walilia hivyo hivyo msimu mzima wa kwanza wa bwawa langu.