Kiti Chekundu cha Bwana Sponji

Wateja walimwita Bwana Sponji, na jina hilo lilikuwa kejeli tupu, maana ndani ya mtu yule hapakuwa na kitu laini hata kidogo. Sponji ilikuwa kazini kwake. Alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, imejaa mabaki ya vitambaa, makopo ya gundi na mbao zilizotobolewa na misumari. Ukimpelekea kochi lililobonyea, alilichana mbele yako, akakuonyesha makombo ya mkate na vifungo vya shati vilivyodondokea ndani, kisha akakupa vidonge vyako: nyumba yako chafu, watoto wako hawana adabu, na wewe mwenyewe unakaa kwa kujitupa. Mteja aliondoka amenywea. Lakini mikono ya yule mzee ilijua kazi, ndiyo maana watu walirudi.

Alikulia katika nyumba ambayo hakuna aliyejali siku ya mtoto kuzaliwa. Tarehe yake mwenyewe hakuijua. Basi alipooa na kupata binti, aliapa kwamba nyumba yake itakuwa na desturi yake. Hapo ungedhani anakwenda kununua maputo. Wapi! Alitengeneza kiti kikubwa chenye mikono, akakivika kitambaa chekundu, akakiweka katikati ya sebule na kutoa sheria. Siku yako ya kuzaliwa unakaa hapo. Kila aliyemo ndani, kuanzia mdogo, anakwambia usoni ulichomkosea mwaka mzima. Wewe hujibu. Wote wakimaliza, ndipo unakata keki.

Mwenyewe aliita kusafishana. Watoto waliita kunyolewa.

Na wembe ulikuwa wake. Wengine nyumbani walitaja vitu vidogo vidogo ili yaishe: umeninyima kalamu, umenimalizia sabuni. Yeye aliweka akiba mwaka mzima. Binti yake aliambiwa mbele ya shangazi zake kwamba ana sura ya mtu ambaye hataolewa. Kijana wake, siku aliyomwalika rafiki wa darasani, alitangaziwa kwamba bado anakojoa kitandani. Mke ndiyo usiseme. Kila mwaka alisomewa chumvi ya mchuzi, mdomo wa mama yake na unene wa kiuno chake, na kila mwaka alikata keki vipande sawasawa akawagawia, huku binti yake akikikodolea macho kile kisu. Baba mtu alikula kwa raha zote na kusema, "Nyumba nyingine watu wanawekeana vinyongo. Sisi hatuna."

Na zamu yake je? Hakuwa nayo. "Mimi sina tarehe," alisema, tena kwa majivuno. "Nitakaaje?"

Watoto wakakua, wakahama. Binti akawa msusi mwenye saluni yake, kijana akawa dereva wa lori. Waliendelea kuja kwa ajili ya mama yao tu, na siku zao za kuzaliwa zikawa zinawakuta wana udhuru. Mara lori limeharibikia njiani, mara bi harusi anasukwa. Mzee hakushtuka. Alikuwa anamvizia mjukuu.

Mtoto wa msusi alipofikia umri wa kuanza shule, babu yake akatoa tangazo: amekua, siku yake ifanyike kwangu, akae kwenye kiti. Alikibadilisha kitambaa kwa ajili yake. Akakitengenezea na kigoda cha kuwekea miguu, ili isining'inie. Alifanya hayo kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililokuwa la kutisha.

Msusi alikuja na mtoto, akaja na mdogo wake dereva, akaja na keki. Alikuwa amepiga moyo konde tangu nyumbani.

"Njoo mjukuu wangu, panda," babu akasema, akipigapiga mto wa kiti.

Mtoto akajificha kwenye sketi ya mama yake.

"Hakai," msusi akasema.

"Nani kasema?"

"Mimi mama yake."

"We hukukaa hapa? Ulikufa?"

"Mpaka leo, baba, mtu akiniambia nikae nizungumze naye, nauliza nimekosa nini. Huyu hakai."

"Basi na keki hakati! Nyumba hii ina desturi zake!"

Ndipo dereva, ambaye katika nyumba ile hakuwa na kawaida ya kufungua kinywa, akasema, "Kiti kisikae bure. Kaa wewe, baba."

"Sina siku mimi."

"Tumekupa ya leo."

Bwana Sponji akacheka. Angeweza kukataa, angeweza kuwafukuza wote. Lakini yule mzee alijipenda kiasi kwamba aliamini kwa dhati watamshukuru. Akakaa, akaegemea, akaweka mikono juu ya kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Anza mdogo," akaamuru.

Mtoto akamwangalia mama yake, kisha akasema, "Babu, ukija kwetu mama anazima redio."

"Hilo nalo kosa?"

"Hujibu," dereva akamkumbusha. "Siku niliyopata leseni nilikuja mbio kukuonyesha. Ukaniuliza nimemhonga nani."

Msusi akafuata. "Nilipojifungua huyu ulikuja hospitali. Ukabonyeza godoro, ukasema ni sponji ya ovyo, ukaondoka. Mtoto hukumtazama."

Mzee alikuwa ameanza kufura. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama karibu na meza. "Mama watoto, waambie hawa. Sema na wewe, tumalize."

"Mimi sisemi."

"Lazima useme! Kila mtu anasema!"

"Miaka yote umenikalisha hapo," mkewe akasema, wala hakupandisha sauti. "Umenisema mimi, umemsema mama yangu mpaka kaburini. Nikanyamaza, nikakukatia keki. Leo unataka na mimi nikuseme, ili kesho utambe kwamba tumesafishana na yameisha. Hayajaisha. Kaa na uchafu wako."

Akaibeba ile keki kwa mikono miwili. "Twendeni," akawaambia wanawe. "Siku ya mjukuu wangu inafanyika kwao."

"Anayetoka asirudi!" Bwana Sponji akapiga kelele kutoka kitini. Aliwahi kulisema neno hilo mara nyingi, na kila mara mtu alirudi mlangoni akaomba radhi. Safari hii alisikia geti likifunguliwa, akasikia dereva akimuuliza mama yake kama anaiweza keki au apokewe.

Alipojikongoja hadi nje, walikuwa wameshafika kona ya duka, wanamwimbia mtoto kwa sauti mbovu, kila mmoja akiimba kivyake, kama watu ambao hawajawahi kuimba pamoja. Akamwita mkewe. Akamwita binti yake. Akamwita na kijana wake. Aliyegeuka ni mtoto peke yake, na mama yake akamshika kichwa taratibu, akamrudisha uso mbele, wakaendelea na wimbo.