Mbwa Niliyemlea kwa Kipigo Sasa Anasimama Kati Yangu na Binti Yangu

Admin, naomba jina langu libaki kwako, maana mke wangu anausoma ukurasa huu, na wenzangu wa kazini pia. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, naishi Ilemela, huku juu kwenye mawe, na nauza vipuri vya pikipiki Buzuruga. Mke wangu ni muuguzi, mtu wa Bukoba. Tuna mtoto mmoja wa kike wa miaka tisa, hapa nitamwita Anna. Naandika nikiwa kwenye benchi la fundi cherehani jirani yetu, hatua chache kutoka getini kwangu, kwa sababu naogopa kuingia nyumbani.

Mwaka jana wezi waliingia mchana tukiwa kazini, wakabeba TV na jiko la gesi. Ndipo nikatafuta mbwa. Nilipata mtoto wa mbwa wa miezi miwili, wa aina ile kubwa ya Afrika Kusini, miguu minene, kichwa kama cha ndama. Anna akampa jina Bosi. Siku za kwanza alikuwa akilia tu, anamtafuta mama yake.

Mwenzangu mmoja wa kazini, ambaye mbwa wake wawili wanaogopwa mtaa mzima, akaniambia, "Huyo ukimchekea umemharibu. Mfungie bandani asizoee watu. Akilia, piga. Mbwa wa ulinzi lazima akuheshimu."

Jamani, nilimpiga. Akikojoa barazani, nampiga. Akitafuna kandambili, nampiga. Nikirudi kutoka kazini akanirukia kwa furaha, napo nampiga. Nilikata kipande cha mpira wa kumwagilia nikakitundika mlangoni pa banda, na ikafika mahali nikigusa tu ule mpira anajikunja na kujikojolea. Baadaye akaacha kabisa kunirukia. Nikajisifu kwa wenzangu kwamba ameshika adabu.

Sikujua kwamba Anna akitoka shule alikuwa anamfungulia. Anashika dagaa mkononi, anamwambia "kaa", "subiri", "njoo", na mbwa anatii. Mama yake alijua, akaona ni mchezo mzuri wa mtoto. Sasa Bosi ana miezi kumi na kichwa chake kinanifika kiunoni.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, mke wangu alikuwa zamu. Anna alichukua simu yangu bila kuniomba, ikamponyoka kwenye mawe, kioo kikapasuka vipande vipande. Nilipandwa na hasira. Nikanyakua kilichokuwa karibu, na kilikuwa ule mpira. Nikainua mkono.

Bosi, ambaye kumbe Anna alikuwa ameshamfungulia bandani, hakubweka. Niliona tu amesimama katikati yetu, manyoya ya mgongo yamesimama, meno yote nje, na mngurumo unatoka kifuani mpaka nikausikia kwenye magoti yangu. Nikasema, "Bosi, toka!" Hakutikisika. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akaja hatua moja, hivyo hivyo mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta. Nilijua nakufa pale. Niseme ukweli kwa kuwa hamnijui: nilijikojolea, mtu mzima, mbele ya mwanangu.

Anna akasema kwa sauti ndogo, "Bosi, kaa."

Akakaa. Lakini macho hayakuniachia.

"Baba, weka chini huo mpira. Akiuona anajua unataka kupiga."

Nikauweka. Nikamwambia, "Njoo mwanangu, yameisha." Hakuja. Alibaki nyuma ya mbwa, amemkumbatia shingo, mabega ameyapandisha mpaka masikioni kama mtu anayesubiri kofi. Pale nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na yale meno, kwa sababu mimi si mgeni wa kumchapa Anna. Huwa namchapa, mama yake akiwa zamu.

Tangu siku hiyo siingii kwangu bila kuita kutoka nje, "Anna, mfungie mbwa!" Mzee fundi ameshaanza kunishangaa. Juzi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba Anna. Mbona siku hizi huendi moja kwa moja nyumbani?" Nikamdanganya kwamba mlima unanichosha.

Nilimwita daktari wa mifugo. Akamkagua, akamfungua mdomo, Bosi katulia tu. Akaniambia, "Huyu hana kichaa. Anakuogopa wewe, na mbwa mwenye hofu anaweza kuua. Anza naye upya. Mlishe mwenyewe, taratibu, usimwinulie mkono. Na mtoto asikae naye bila mtu mzima mpaka mambo yatulie." Nimejaribu mara nne. Nikisogea na bakuli, ananguruma, naliacha bakuli nakimbia. Na Anna bado anashinda naye peke yake mchana, maana nitamkatazaje bila mama yake kuuliza sababu?

Kuna mtu wa Usagara mwenye ghala, anataka kuja kumchukua Jumapili hii akamfunge mnyororo. Mke wangu anajua kioo kilipasuka, hajui kilichofuata. Anna hajamwambia. Sijui amenyamaza kwa kunihurumia au kwa kuniogopa.

Leo nimerudi mapema. Nikasimama nje ya geti kabla sijaita, nikamsikia Anna anamwambia mbwa, "Baba anakaribia kurudi. Tukae kimya, asikasirike."

Nikageuka, nikaja kukaa hapa.

Ndugu zangu, Bosi akiondoka nitaingia ndani mwangu bila kutetemeka. Lakini siku hasira zikinipanda tena, nani atasimama mbele ya Anna? Nikimbakiza, siku moja atanirarua, au atamuuma mtoto wa mtu. Matusi yenu nitayapokea, nimeyastahili. Ila mwenye hekima aniambie nianze na nani: mbwa, mtoto, au mama yake? Niambieni nifanye nini, maana geti naliona pale na bado sijaweza kuita.