Mizani ya Madam Atupele

Kiberiti kipya kina harufu yake hata kabla njiti haijawashwa, harufu kavu inayokwaruza pua, na kila nikiisikia narudi moja kwa moja kwenye darasa la kidato cha pili kule Uyole, asubuhi ya baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye madirisha na malori yananguruma barabarani bila kuonekana. Mwaka huo nilikuwa nimeletwa Mbeya kutoka Nyololo, baada ya mama yangu kufariki. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, akiondoka alfajiri na kurudi jioni amechoka, na ndugu walipokaa kikao waliamua kwamba msichana wa umri wangu hawezi kubaki katika nyumba isiyo na mwanamke. Baba mdogo akaja kunichukua. Baba alinisindikiza hadi kituoni, akanishikisha mfuko wa nguo, akaangalia pembeni mpaka basi likaondoka.

Siwezi kusema nilinyanyaswa. Baba mdogo na mkewe walikuwa wauza viazi sokoni, watu wema waliochoka, na chakula nilichopewa kilikuwa sawa na cha watoto wao. Lakini mama mdogo alikuwa Mnyakyusa, na pale nyumbani jioni watu walizungumza Kinyakyusa, wakacheka kwa Kinyakyusa, wakagombana na kupatana kwa Kinyakyusa, nami nikiwa nimekaa katikati yao na sahani yangu kama mgeni aliyesahau kuondoka. Shuleni nako siku ya kwanza niliwasalimia wenzangu kwa Kihehe, kwa mazoea ya kwetu, nikasema, "Kamwene." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu la Veronika likapotea, nikawa Kamwene. Nilichagua dawati la nyuma, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka, na kwa sababu ya upepo uliopita pale hakuna aliyetaka kukaa na mimi.

Hesabu zilikuwa zimenishinda kabisa. Mwalimu aliyekuwepo mwanzo wa mwaka alijaza ubao kwa herufi na namba, akaeleza kwa Kiingereza, sisi tukanakili. Nilinakili vizuri sana bila kujua x ni nani na kwa nini anatafutwa. Kisha mwalimu yule akahamishwa, akaja Madam Atupele, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyeingia darasani na kikapu cha ukili kama anayetoka sokoni. Ndani mlikuwa na rula ndefu za mbao zilizotobolewa katikati na kufungwa kamba, makopo ya mafuta ya kupaka, gololi za kioo, na viberiti vitupu kwa wingi. Akatuonyesha jinsi ya kuning'iniza makopo kwenye ncha za rula mpaka ikawa mizani. Akasema tukae kwa vikundi. Madawati yakaburutwa, watu wakaitana majina, na kelele zilipotulia mimi nilikuwa bado pale nyuma. Madam Atupele akaja na kuniwekea mizani yangu peke yangu.

Upande mmoja wa kila mizani aliweka viberiti viwili vilivyofungwa kwa gundi, na gololi tatu nje. Upande wa pili aliweka gololi kumi na moja, pamoja na viberiti viwili vitupu ili uzito wa maboksi usituchanganye. Mizani ilitulia sawasawa. "Viberiti vile viwili vina gololi sawa ndani," alisema. "Niambieni kila kimoja kina ngapi. Msifungue." Vikundi vingine vilianza kutikisa viberiti masikioni, wengine wakavichokonoa kwa kucha. Mimi niliogopa kugusa chochote. Nilikaa naangalia tu, kisha nikatoa gololi moja kushoto, mizani ikalala. Nikatoa moja kulia, ikasimama tena. Nikaendelea hivyo mpaka kushoto vikabaki viberiti peke yake, na kulia vile vitupu na gololi nane, yaani nne kwa kila kiberiti. Hakuna aliyekuwa amenifundisha jambo hilo, nilikuwa nimelikuta.

Madam Atupele aliniita mbele nieleze. Nikaeleza kwa Kiswahili chenye lafudhi yangu yote ya Kihehe, na mtu mmoja akaigiza matamshi yangu, wengine wakacheka. "Endelea, Veronika," mwalimu alisema, kama vile hakusikia kicheko. Nikaendelea hadi mwisho: ukitoa huku, toa na kule. Akaandika ubaoni nilichosema, safari hii kwa herufi, na kwa mara ya kwanza nikaiona x ikiwa kiberiti kilichofungwa.

Wiki zilizofuata alileta majaribio mengine, nami nikawa nazisubiri siku za hesabu kuliko siku za kwenda kanisani. Halafu ikaja asubuhi moja alipotupa viberiti vilivyo wazi. Kimoja tukiweke kushoto pamoja na gololi mbili, kingine kulia pamoja na gololi tano, na kazi yetu iwe kujaza gololi ndani ya viberiti hivyo, idadi ileile kwa vyote viwili, mpaka mizani isimame sawa. "Mkishindwa, mniambie kwa nini," alisema. Wenzangu walijaribu mara chache, wakasema mizani ni mbovu, kengele ikalia wakatoka kunywa uji. Mimi sikutoka. Niliweka moja moja, mbili mbili, nne nne, nikabana gololi mpaka viberiti vikapasuka pembeni, na bado upande wa kulia ulilala. Sikujua kama nimeanza kulia mpaka Madam Atupele alipovuta kiti akaketi mbele yangu.

"Haitaki," nikamwambia.

"Haitaki kwa sababu jibu halipo," alisema. "Hujakosea popote, mwanangu. Ungeweka hata gololi za mji mzima, ingebaki hivyohivyo."

Nikalia zaidi. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi na nani yupo, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama amefariki." Nilikuwa sijalitamka neno hilo tangu nifike Mbeya, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hakunikumbatia wala kunipa maneno ya kanisani. Aliuliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Anastasia."

Akalirudia jina lile taratibu, kama anayejifunza. Alasiri hiyo alikwenda sokoni kuzungumza na baba mdogo, na likizo ilipofika nikapandishwa basi kwenda kwa baba. Tulikwenda pamoja makaburini, tukang'oa majani, tukakaa. Baba alilia mbele yangu, na nikajua kumbe siku ile kituoni alikuwa anaficha uso.

Mwaka uliofuata Madam Atupele alihamia kwa mumewe, mbali, na sikumwona tena. Darasani waliendelea kuniita Kamwene hadi tulipomaliza. Sikupata rafiki wa karibu, ila sikulia tena. Sasa nami ni mwalimu wa hesabu, Iringa mjini. Shule yangu ina kompyuta na projekta, na wanafunzi wangu wengi wakifika nyumbani huchukua simu za wazazi wao, wakatazama maswali yakifanyiwa kazi hatua kwa hatua, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Wanafaulu kuliko tulivyofaulu sisi, na ninafurahi. Lakini wamebanana watatu watatu kwenye dawati, hadi mlangoni, na majina yao wote siyajui. Nikiwapa kazi ya vikundi, kila mmoja ana kikundi, kwa sababu hakuna nafasi ya kukaa peke yake. Huwa nasimama mbele nikiwatazama, na siwezi kujua ni yupi kati yao ambaye hajaulizwa kitu na mtu yeyote tangu alipofika.