Kadi Nene ya Boni

Jumapili, tarehe 14 Julai. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye magoti. Jua halikutoka kabisa.

Naandika nikiwa na harufu ya chingamu kwenye vidole. Labda najidanganya, maana kadi yenyewe ina miaka zaidi ya thelathini na leo imelowa maji. Lakini naisikia: ule unga mtamu uliobaki juu ya kadi ukishafungua karatasi. Nyinyi mliokulia Shauri Moyo miaka ya tisini mnaijua, sina haja ya kuwaeleza sana.

Kila chingamu ilikuja na kadi moja ya mpiga mieleka. Mbele picha yake, nyuma mistari ya buluu, na migongo yote ilifanana. Tulizilaza kifudifudi kwenye simiti karibu na mfereji, halafu unapiga kofi chini, kando ya kadi. Upepo wa kiganja ukiigeuza ikakuonyesha uso, ni yako. Wasichana hawakucheza. Mimi nilicheza, na niliwashinda wavulana wengi. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa nikisoma tena naona ni kujisifu.

Niliyoipenda kuliko zote ni Jitu la Barafu, mwanamume mwenye ndevu nyeupe na tumbo kama pipa. Nilimwandikia N kifuani kwa biro nyekundu ya baba, aliyokuja nayo kutoka kazini reli. N ya Nekesa. Siku moja nikafungua mkebe wangu wa kadi, Jitu halimo.

Tulikaa chumba kimoja. Walioujua mkebe ni baba, mama, na Nasimiyu, binti wa mama mkubwa, aliyeletwa kutoka Bungoma kusoma. Boni wa mlango wa pili pia alikuwa akiingia na kutoka, lakini Boni alikuwa rafiki yangu, na Nasimiyu alikuwa amechukua nusu ya kitanda changu. Nikasema ni Nasimiyu. Niandike sawasawa: sikusema nadhani. Nilisema nimemwona. Mama alimchapa kwa patipati ya mguuni mwake mpaka ikakatika, na muhula ulipoisha Nasimiyu akarudishwa nyumbani. Masomo yake ya Nairobi yakaishia hapo.

Juma lililofuata Boni akaja na kadi aliyoiita Kifaru. Tulipiga mpaka viganja vikawa vyekundu, Kifaru haitikisiki. Kwa alasiri moja alinimaliza kadi zote, moja baada ya nyingine, watoto wa ploti nzima wakiangalia.

"Umeoshwa, Nekesa!" akapiga kelele. "Enda sasa ukachambue sukuma wiki na wasichana wenzako!"

Nililia chooni. Nilidhani nalilia kadi.

Mwaka jana nikasikia kuna watu wazima, wenye wajukuu na presha, wanaokutana Jumapili baada ya kanisa nyuma ya kibanda cha chai kucheza kadi zile za zamani. Niliona ni upuuzi. Nikaenda. Fundi mmoja wa viatu akanieleza, huku akicheka, jinsi walivyodanganya utotoni: unachukua kadi mbili, unaponda ugali wa jana na maji kidogo, unazibandika pamoja, unazilalia chini ya godoro siku tatu. Kadi ya hivyo upepo hauiwezi.

Chai yangu ilipoa mkononi. Kama Kifaru ilikuwa kadi mbili, ile ya pili ilikuwa nani?

Boni alikuwa amekaa hapo hapo, mzee wa kanisa sasa, Kifaru imo kwenye nailoni ndani ya mfuko wa shati. Nikisema haki, Boni alikesha nasi baba alipofariki na ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka nyumbani kuzikwa. Si mtu mbaya. Lakini kuanzia siku ile niliitaka kadi yake kama mtu anavyotaka maji. Ningeweza kumwuliza tu. Sikutaka kuuliza. Nilitaka kuishinda, niifungue mbele za watu.

Nilifanya mazoezi miezi mitano kwenye sakafu ya jikoni, kwa vipande vya jalada la daftari nilivyovibandika kwa ugali. Binti yangu Sifa akauliza kama naua mende. Nikamwambia ndiyo, mmoja mkubwa.

Leo Boni akailaza Kifaru chini. Uzee ulikuwa umeipinda, ukingo mmoja umeinuka kama soli ya kiatu iliyobanduka.

"Mama Sifa, utaumia mkono bure," akasema kwa upole. "Waulize hawa."

"Ngoja niumie."

Nilikunja kiganja kidogo, nikapiga penye ukingo ule. Kofi la kwanza, wapi. La pili, Kifaru ikainuka, ikasita, ikageuka. Fundi wa viatu akapiga mluzi. Boni akacheka, lakini alipoona naipeleka kwenye beseni la maji la mama chai akaacha.

"Usiilowanishe, itaharibika!"

"Si ni yangu?"

Niliizamisha. Tulingoja, wanaume saba na mimi, tukiangalia maji yakigeuka meupe. Kisha zikaachana zenyewe. Ndani, usoni kwa Jitu la Barafu, kulikuwa na uji wa ugali, na chini ya uji ile N nyekundu.

Niliwaambia yote kwa sauti kubwa: mkebe, Nasimiyu, patipati, Bungoma. Nilimwita mwizi mara tatu. Mara moja ingetosha, lakini nilisikia utamu, siwezi kukana. Boni aliinamisha kichwa.

"Tulikuwa watoto, Nekesa. Nisamehe."

"Nasimiyu hakuwa mtoto?"

Akainua kichwa. Halafu akauliza polepole, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Lakini mimi sikuwahi kumtaja Nasimiyu. Nani alimtaja?"

 Nilikusanya kadi zangu nikaondoka kwenye manyunyu.

Nyumbani nilimpigia Nasimiyu. Yuko Dandora siku hizi, anauza nguo za watoto sokoni Muthurwa, na tunasalimiana vizuri kwenye harusi na matanga. Nikamsimulia jinsi nilivyomwaibisha Boni, jinsi alivyoinamisha kichwa. Nilitegemea afurahi. 

"Huyo Boni mwache," akasema. "Mimi yeye sina shida naye. Mimi nimekuwa nikikungoja wewe."

Nilimwambia anisamehe. Akasema hilo haliwezi kusemwa kwa simu, atakuja Jumapili ijayo, na hao wanaume saba niwaite pia, wasikie nikisema nilichosema kwa mama. Nikakubali. Nilikuwa nikidhani kwa miaka yote hii kwamba mwenye kisasi ni mimi.

Jioni tulikula wali na maharagwe. Sifa aliongeza mara mbili. Mimi sahani yangu ilinishinda.