Uji Wenye Harufu ya Moshi

Mbuzi wa Garissa hawana maringo. Nimewaona kwa macho yangu wakila katoni, magunia, na siku moja daftari zima la hesabu la mtoto wa darasa la tano, pamoja na masahihisho yangu yote. Lakini uji wa shule yetu waliukataa. Watoto waliumwaga nyuma ya madarasa, mbuzi wakaja mbio, wakanusa, wakageuka na kwenda zao. Siku hiyo nilijua kwamba tuna shida kubwa.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha pale. Mimi ni mtu wa Kisii, na kwetu uji si mchezo. Nimelelewa kwa wimbi na mtama, mzito, uliochachuka vizuri, wa kukufanya ulime hadi saa sita bila kuuliza chakula. Sasa nilikuwa nikitazama sufuria iliyojaa maji ya rangi ya udongo, madonge yakielea juu yake, na nikisikia aibu kama kwamba nimeupika mimi mwenyewe. Kwenye mkutano wa walimu nilisimama nikasema yote niliyokuwa nayo moyoni. Nikasema ule si uji, ni adhabu. Nikasema hata mfungwa angegoma. Mdomo wangu una tabia ya kutangulia, kichwa kinafuata baadaye.

Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake. "Kwa kuwa mwalimu anaujua uji kiasi hicho," akasema, "kuanzia leo yeye ndiye msimamizi wa uji." Wenzangu walipiga makofi kwa furaha isiyo na haya. Kisha akaongeza lile ambalo hakuna aliyelipigia makofi. Wafadhili waliotuletea unga walikuwa wamesikia kwamba watoto wanaumwaga, na baada ya wiki tatu afisa wao angekuja kujionea. Akikuta hivyo, unga wetu ungepelekwa shule nyingine.

Katika darasa langu la pili kulikuwa na msichana mdogo aliyekuwa akiunywa ule uji wote. Aliziba pua kwa vidole viwili, akafumba macho, akanywa mpaka chini, halafu akakirudisha kikombe na kuondoka. Alitoka kwenye vibanda vya mwisho kabisa, ambako mji unaishia na vichaka vinaanza. Siku za Jumatatu, baada ya siku mbili bila shule, alikuwa akilala juu ya dawati kabla hata sijamaliza kuita majina. Nilipofikiria unga ule ukipakiwa kwenye lori na kuondoka, nilimfikiria yeye.

Basi nikaingia jikoni. Mpishi wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye shungi refu na kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Watoto wote walimwita edo, yaani shangazi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nilimkuta ameketi juu ya gunia.

"Edo," nikamwambia, "huu uji una nini?"

"Unga hii ni mzee kuliko mimi," akasema. "Mimi nafanya nini? Nabika tu."

Nilimwonyesha jinsi ya kuuvuruga unga kwanza kwa maji baridi ili usifanye madonge. Alinitazama kwa subira kubwa, kama anayemtazama mtoto akimfundisha bibi yake kuwasha moto. Madonge yaliisha, lakini watoto waliendelea kumwaga.

"Maalimu," akaniambia wiki ile ya kwanza ilipoisha, "watoto ya hapa nataka maziwa. Bila maziwa hii ni gundi. Wewe tafuta barua ubandike ukutani."

Nikamwuliza maziwa ya kutosha shule nzima tutayatoa wapi. Alitoa simu akapiga. Jioni ya siku iliyofuata, kaka yake, aliyekuwa na ngamia nje ya mji, alimtuma mtu wa bodaboda na maziwa, na ikawa hivyo kila jioni. Alisema ni sadaka, ni kwa ajili ya watoto, tusimwulize tena. Edo aliyapokea katika vyombo viwili alivyovitoa nyumbani. Vilikuwa vyombo virefu vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vikakazwa mpaka havivuji hata tone, vyeusi kwa uzee, na vifuniko vyake vya kusukwa pia. Maziwa yalilala humo jikoni usiku kucha, katika joto la Garissa ambalo linaweza kukupikia yai juu ya bati, na asubuhi yalikuwa salama kabisa. Akayamimina kwenye sufuria.

Watoto walikunywa. Jamani, walikunywa! Walirudi kwenye foleni mara ya pili wakijifanya hawajapata, na midomo yao bado ina weupe. Yule msichana wangu hakuziba pua. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, macho wazi. Nilitoka nje nikajifuta uso kwa kanga yangu.

Sasa, mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi sikuishia hapo. Nilionja ule uji nikasikia harufu ya moshi, tena si kidogo, na chini ya kikombe nikaona vichembe vyeusi vya mkaa. Nikasema moyoni, edo ameunguza. Siku ya pili moshi. Siku ya tatu moshi. Nikachunguza sufuria, haikuwa imeungua. Ndipo nilipofungua kifuniko cha chombo kimoja cha maziwa na kuingiza pua. Harufu ya moshi ilinipiga mpaka nikakohoa. Nikapitisha kidole ndani, kikatoka cheusi.

Nilishtuka. Nikamwona afisa akija na faili lake, akiingiza kidole pale pale nilipoingiza mimi. Nikaona neno "uchafu" limeandikwa kwa wino mwekundu. Ningeweza kumwuliza edo. Alikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa, akichambua mchele wa walimu. Lakini niliona haya kumwambia mtu mzima kwamba vyombo vyake ni vichafu, na katika kumwonea haya huko nikafanya jambo baya zaidi.

Siku moja kabla ya afisa kufika, edo aliondoka mapema kwenda kwenye harusi ya mpwa wake, akaniomba nipokee maziwa jioni. Alipotoka tu getini, nilikunja mikono ya gauni. Nilichemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, tena kwa ukarimu. Nikasugua ndani kwa brashi, nikasugua kwa waya, nikamwaga maji meusi, nikatia sabuni tena. Mara ya tatu maji yalitoka ya kahawia, mara ya tano yakatoka meupe, nami nikaimba wimbo wa kanisani. Nikavianika juani. Vilikuwa vimebadilika rangi. Maziwa yalipofika, niliyamimina humo, nikafunga, nikaenda kulala kwenye nyumba yangu ya walimu nikiwa nimejipongeza.

Na kwa kuwa wema haunitoshi ukiwa kidogo, asubuhi niliamka kabla ya edo kufika, nikawasha moto, nikapika uji, nikamimina maziwa yote. Nilitaka akija akute kazi imekwisha.

Uji ulianza kutoa povu. Nikadhani ni kwa sababu ya kuchemka. Nikapunguza kuni, povu likaendelea kupanda kwa furaha zake. Kisha ukakatika, maji huku, mabonge meupe kule. Edo aliingia wakati huo, hina ya harusi ingali mbichi mikononi. Alichukua mwiko, akaonja, akatema.

"Maalimu, nini umeweka?"

"Maziwa tu, edo."

Alivitazama vyombo vyake pale kwenye meza. Alikiinua kimoja, akafungua, akanusa. Sijawahi kumwona mtu akinusa kwa muda mrefu namna ile. Alipokiteremsha, uso wake ulikuwa umenywea kabisa.

"Umeosha na sabuni," akasema.

"Vilikuwa na moshi, edo. Vilikuwa vyeusi ndani. Niliona afisa…"

"Hiyo moshi ndiyo nakaa na maziwa! Hiyo ndiyo dawa yake!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka ghafla. Akanieleza taratibu, akiwa hanitazami. Unachukua kijiti cha mti fulani wa porini, unakichoma mpaka kiwe kaa, unakitia ndani ya chombo, unafunga, unatikisa. Moshi unaingia kwenye nyuzi. Maziwa hayaharibiki hata ukisafiri nayo siku nzima juani, na mtoto anayapenda kwa sababu hiyo ndiyo ladha ya maziwa anayoijua tangu kuzaliwa. Chombo hakioshwi kwa sabuni maisha yake yote. Nyuzi zikishanywa sabuni, zitaitoa kidogo kidogo kwa majuma. "Hii ya mama yangu," akamaliza. "Yeye alisuka."

Natamani kusema kwamba nilimwomba msamaha pale pale. Sikumwomba. Kitu pekee kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa, "Afisa anafika saa mbili." Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika chache.

Edo alivuta shungi lake. "Mwaga," akasema. "Pika maji ingine, weka unga. Halafu tunatoka."

Tulimwachia mlinzi sufuria, tukaingia mtaa wa nyuma ya shule. Wakati huo kila nyumba ilikuwa imewasha moto wa chai. Edo alibisha mlango wa kwanza, mama mmoja akatoka, wakasalimiana kwa kirefu, habari za watoto, habari za mifugo, habari za harusi ya jana, na mimi nikihesabu dakika. Kisha edo akanisukuma mbele.

"Sema wewe," akaniambia.

Kisomali changu ni cha kununulia nyanya sokoni. Nilikitumia chote. Nikasema mimi mwalimu, mimi chombo cha maziwa, mimi sabuni. Nikaonyesha kwa mikono jinsi nilivyosugua. Yule mama alinitazama, akamtazama edo, akashika mlango. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamwita jirani yake aje asikie, na ikabidi nirudie, pamoja na kusugua. Jirani alilia machozi ya kicheko, akaniuliza kama kwetu tunaosha na ng'ombe pia. Lakini aliingia ndani akatoka na maziwa ya chai ya nyumba yake, katika chombo cheusi kinachonukia moshi, akampa edo.

Tulipita nyumba kumi na moja. Mara kumi na moja nilieleza upumbavu wangu, na kufikia nyumba ya nne habari ilikuwa imetutangulia, watu wananingojea milangoni. Mahali pengine walinitaka nisugue hewani hata kabla ya salamu. Hakuna nyumba iliyotufungia. Wanawake wengine walibeba maziwa wenyewe, tukarudi shuleni tukiwa msafara, mimi katikati, na nyumba kumi na moja zilikunywa chai ya rangi asubuhi ile kwa sababu yangu.

Afisa alifika uji ukiwa bado unatoa mvuke. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Nairobi, mpole, mwenye faili kama nilivyoliwaza. Aliwakuta watoto wamekaa chini ya ukuta kwa mistari, vikombe usoni, kimya kile cha watu wanaokula kitu kizuri. Alikwenda nyuma ya madarasa, akakuta mbuzi wamesimama bure. Akarudi, akaomba kikombe, akaonja. Akakunja uso.

"Una harufu ya moshi," akasema. "Umeungua?" Akafungua kalamu.

Hayo yalikuwa maneno yangu kabisa. Nikafungua mdomo nimweleze yote, vijiti, nyuzi, joto, na pengine ningemfanyia na ile ya kusugua. Edo aliniwahi.

"Kunywa kwanza," akamwambia. "Kuandika ni badaye."

Afisa alikunywa kidogo, kisha zaidi. Yule msichana wangu alikuwa amekaa karibu na miguu yake, ameinamisha kikombe mpaka kimemfunika uso, anagonga chini yake kwa kidole ili lile tone la mwisho lishuke. Afisa alimtazama kwa muda. Alimaliza chake, akaandika maneno machache, akatuambia unga wa muhula ujao utaletwa kwa wakati wake, na kwamba ataomba uwe mpya.

Wanawake walipiga vigelegele. Mwalimu mkuu alinishika mkono, akanisifu kwa usimamizi mzuri, na wanawake wale wakaangua kicheko asichokielewa.

Walipoondoka wote, nilimkuta edo jikoni na vile vyombo viwili. Nilikuwa nimeomba radhi katika kila mlango wa mtaa ule isipokuwa kwake. Nikamwambia, "Edo, nisamehe. Ni mali ya mama yako, nami sikukuuliza."

Alikuwa amekiweka kijiti motoni, ncha yake imeiva nyekundu. Alikichomoa, akanipa mkononi, akasogeza chombo mbele yangu na kukifungua.

"Moshi yote ya ndani ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Wewe umetoa. Sasa weka yako."

Nikapiga magoti, nikakiingiza kile kijiti, nikafunika kwa mikono yangu miwili.