Ramani ya Pembe Sita

Juzi nilikuwa steshenari hapa Nyamongo nikisubiri kopi. Mwenye duka, mgeni kutoka Mbeya, alikuwa akicheza mchezo wa vita kwenye kompyuta: ramani ya mto na vijiji, imekatwa vipande vya pembe sita kama sega la nyuki.

Mama mmoja, jirani yangu, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hayo maeneo ni ya nani?"

"Ni mchezo tu, mama. Nateka vijiji."

"Na hivi vyekundu?"

"Hivyo nimeshachukua."

"Wenyewe wamehamia wapi?"

Jamaa akacheka. Mama hakucheka. Aliweka kidole kwenye kipande kimoja kando ya mto, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akaondoka bila kopi zake.

Huku kwetu jirani na mgodi, ukiona ramani unajua wathamini wa fidia wako njiani, na fidia hufuata nyumba na mazao. Kesho yake nilikuta kwake nguzo za nyumba mpya zimesimama, migomba imepandwa hadi mlangoni. Nilicheka njia nzima.

Jioni nilirudi steshenari, nikamwomba yule jamaa anioneshe tena upande wa chini wa mto. Shamba langu liko huko.